Ruta Isiyo na Daka

Shangazi yangu wa Ndau aliandika paswadi ya Wi-Fi ukutani kwa makaa, kando ya mlango wa mbele, kwa herufi kubwa ambazo hata asiye na miwani angezisoma. Mtu akija na simu yake hakuwa na haja ya kuomba. Anainua macho, anasoma, anaingia. Jioni vijana walijaa chini ya mkungu, wengine wakitazama mpira, wengine wakizungumza na ndugu zao walio Mombasa na Uarabuni, naye shangazi akipita katikati yao na birika la chai kama mtu aliyefungua mkahawa bila kukusudia. Nilipomwambia ayafute yale maandishi alinicheka. "Wewe umekaa mjini sana. Hapa nani nisiyemjua?"

Ndau ni kisiwa kidogo, ng'ambo ya Pate, kabla hujafika Kiwayu. Ukitoka Lamu unavuka Mkanda maji yakiwa yamejaa, unapita Mtangawanda na Faza, unafika Kizingitini, na bado safari haijaisha. Nyaya za chini ya bahari zilizobadilisha maisha yetu, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009. Huku visiwani intaneti ikabaki kuwa habari ya bando, na ya kutafuta mahali pa kusimama ili simu ishike. Starlink ilipoanza kutoa huduma Kenya, Julai 2023, ndipo sahani ya setilaiti ikawa kitu ambacho familia yaweza kuchangia. Binamu yangu anafanya kazi Doha. Akatuma pesa, sahani ikapandishwa juu ya paa, na ndani ikaunganishwa na ruta ya bei nafuu iliyonunuliwa mjini.

Halafu siku moja ile paswadi ya ukutani ikakataa. Jina la Wi-Fi lilikuwa limebadilika, limekuwa neno la matusi ambalo sitaliandika. Shangazi alidhani ni sola. Akangoja jua, akangoja fundi, mwisho akaningoja mimi, siku kumi na moja. Siku ya tatu ya hizo mkaza mwanawe alijifungua Doha. Siku ya saba ya mtoto akapewa jina, na nyanya yake hakuwepo hata kwenye skrini; alisikia jina lenyewe kwa simu ya kawaida, dakika mbili za gharama, sauti ikikatika.

Nilipofika kazi ilikuwa ya kuaibisha kwa wepesi wake. Nilibonyeza kitundu cha nyuma ya ruta kwa msumari kama sekunde kumi, ikarudi ilivyotoka kiwandani. Kumbe mmoja wa waliokaa chini ya mkungu, au mpita njia wa mashua, alifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, akaandika "admin" kwenye jina na "admin" kwenye paswadi, akawa bwana mwenye nyumba. Ni nani, hatujajua hadi leo. Shangazi hakuuliza sana. Alisema tu, "Mimi sijamfungia mtu mlango maisha yangu, nikafungiwa wangu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma. Nilitaka kujua ni nani aliyebuni kitu kinachoingia nyumbani kikiwa wazi hivi.

Mwanzo wake, nilishangaa kuona, ni visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao wa kompyuta uliopita hewani kwa redio, kwa sababu chuo kilikuwa na matawi katika visiwa mbalimbali na laini za simu zilikuwa ghali na mbovu. Kila kituo kilirusha ujumbe wake kwenye masafa yaleyale, na ujumbe ukigongana na mwingine unarushwa tena. Jina lenyewe, aloha, ni salamu. Aliyekuwa na chombo cha kupokea alisikia kila kitu, na wakati ule hilo halikumsumbua mtu.

Mwaka 1997 kikatoka kiwango cha 802.11, babu wa Wi-Fi zetu zote, na ndani yake kufuli ya kwanza iliyoitwa WEP. Jina hilo lilikuwa ahadi: faragha iwe sawa na ya waya. Haikuwa sawa hata kidogo. Ufunguo wa awali ulikuwa wa biti 40, mfupi hivyo kwa sababu sheria za Marekani wakati ule zilizuia kuuza nje usimbaji wenye nguvu. Na kila pakiti ya data ilichanganywa na namba ya biti 24 iliyosafiri waziwazi. Namba hizo ni kama milioni 16.7, ambazo kwenye mtandao wenye shughuli nyingi zinaisha na kuanza kujirudia baada ya saa chache. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha udhaifu mbaya zaidi katika namna ufunguo ulivyotumika: anayesikiliza kwa subira angeupata wote. Kufikia 2007 watafiti wa Darmstadt waliufungua chini ya dakika moja.

Watu waliendelea kuitumia. Hapo ndipo historia hii inaponikera. Kampuni ya maduka ya Marekani, TJX, iliingiliwa kupitia Wi-Fi ya duka iliyolindwa kwa WEP, miaka minne baada ya kufuli hiyo kujulikana kuwa mbovu, na habari zilipotoka 2007 ilikuwa imepoteza namba za kadi zisizopungua milioni 45. Kwa hiyo shangazi yangu na makaa yake si mshamba wa kuchekwa. Alikuwa na wenzake wenye idara nzima za kompyuta.

Baadaye zikaja WPA mwaka 2003 na WPA2 mwaka 2004, na hiyo ya pili ndiyo bado iko kwenye ruta nyingi za nyumbani. Inafanya kazi kwa namna ninayoielewa vizuri zaidi nikiifikiria kama hodi. Simu yako inabisha, ruta inaitikia, wanabadilishana maneno manne, na paswadi yenyewe haitamkwi kamwe. Vizuri sana. Ila aliyekaa nje anaweza kurekodi hodi na karibu hiyo, akaenda nayo kwao, akajaribu maneno mamilioni kwa utulivu mpaka moja lifanane. Kwa hiyo paswadi fupi, au ya jina la timu, au namba ya simu, hufunguka bila wewe kujua kuna mtu mlangoni. Ndefu ya maneno manne matano yasiyohusiana inamchosha. WPA3, iliyotangazwa 2018, ilibadilisha hodi yenyewe ili rekodi hiyo isimfae kitu.

Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyojibu swali la shangazi. Kufuli zote hizi zina hali mbili tu, uko nje au uko ndani. Na sisi watu wa pwani hatukujenga hivyo.

Chukua nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18. Mbele kuna daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili, na hapo mgeni hukaa, hunywa kahawa, huzungumza biashara, na huenda asivuke mlango maisha yake. Ukivuka kuna tekani, kipito chenye kona, ili mlango ukiachwa wazi wa barabarani asione kitu. Halafu kiwanda, kisha misana, mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho kabisa ndani. Na kwa mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi, ambaye atakaa miezi akingoja kusi imrudishe, kulikuwa na sabule, chumba cha mgeni chenye njia yake. Alilala humo, akala chakula cha nyumba hiyo, na bado hakujua ndani kunafananaje. Ukarimu wa aina hiyo ulitaka hesabu kubwa ya kuta.

Ndau hatuna majumba ya namna hiyo, tusidanganyane. Nyumba ya shangazi ni ya mawe na makuti. Lakini mkeka chini ya mkungu ni daka, kila mtu anajua, na hakuna kijana aliyewahi kutoka mkekani akaenda kufungua kabati lake. Ruta ndiyo iliyowaketisha wote ndani bila yeye kujua, pamoja na simu yake na funguo za nyumba.

Na kuna jambo jingine, ambalo mtu wa Nairobi pengine halioni haraka. Baada ya watalii kushambuliwa na kutekwa Kiwayu, Septemba 2011, wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka. Katika maji haya, swali "nani alikuwa kwako usiku ule?" lina uzito. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inampa anayevunja ulinzi wa mtandao wa mtu hadi miaka 3 jela au faini ya shilingi milioni 5. Sawa, lakini kabla ya kumpata yeye, anayetafutwa kwanza ni mwenye sahani juu ya paa. Nilimweleza shangazi hilo polepole, na hapo ndipo alipoacha kunicheka.

Basi tulikaa siku nzima na ruta. Kwanza paswadi ya mipangilio, ile ya "admin", tukaibadilisha na kuiandika kwenye daftari lake la madeni, ambalo halisomi mtu isipokuwa yeye. Tukazima WPS, kile kitufe cha kuunganisha haraka. Tangu 2011 inajulikana kuwa namba yake ya tarakimu nane hukaguliwa nusu nusu, na majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha. Tukapakua programu mpya ya ruta, jambo lililochukua saa moja na nusu na chai mara mbili. Halafu tukawasha mtandao wa wageni, uliotengwa, ambao anayeingia anapata intaneti na haoni vifaa vya nyumbani wala ukurasa wa ruta. Mimi nilitaka kuuita Wageni. Shangazi alikataa, akasema wale si wageni. Tukauita Mkungu.

Ukutani maandishi yapo bado, kwa makaa mapya, paswadi ya Mkungu. Kuanzia Maghrib hadi Isha unazimika wenyewe. Hilo alilitaka yeye, si mimi. Alifurahi sana kusikia kwamba ruta inaweza.