Kutoka mkahawa hadi kiwanda: safari ya unga wa Azam



Ndugu wasomaji, wako vijana wetu hapa Iyolwa ambao kila tukiwahimiza kusoma hututajia jina la Mzee Said Salim Awadh Bakhresa. Hoja yao ni kwamba aliacha shule naye akatajirika.

Kisa ni cha kweli, ila wanakisimulia nusu. Mzee huyo alizaliwa Zanzibar mwaka 1949, akaacha shule akiwa na miaka 14, akauza viazi, na katika miaka ya 1970 akafungua mkahawa mdogo Dar es Salaam. Kutoka hapo vijana huruka moja kwa moja hadi kwenye boti za Zanzibar na televisheni ya mwaka 2013. Yaliyo katikati hawayataji.

Wakati ule nafaka nchini Tanzania ilikuwa mikononi mwa shirika la serikali, NMC. Mtu binafsi hakuwa na nafasi kubwa. Baada ya mwaka 1985, Rais Ali Hassan Mwinyi alipolegeza masharti ya biashara, mlango ulifunguka. Bakhresa alikuwa miongoni mwa walioingia kwenye usagaji. Na nani ajuaye thamani ya unga kama mwenye mkahawa?

Ukaja unga wa Azam (wanafunzi wetu wa sarufi ya Kiarabu bila shaka wamelikumbuka neno a'dham), kisha mikate, biskuti, juisi na aiskrimu. Kampuni ilipovuka mipaka kwenda Uganda, Malawi, Rwanda na Msumbiji, ilijenga msingi wake juu ya vinu vya kusaga ngano. Hapa ndipo penye akili. Ngano yetu nyingi hutoka ng'ambo kwa meli. Mwenye kinu karibu na wanunuzi huwauzia waoka mikate wote, wakubwa kwa wadogo, hata mama wa maandazi pale Busia. Vita vya Ukraine vilipowaka mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na andazi nalo likapungua.

Mipaka pia ina historia yake. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mkataba wa ile mpya ukatiwa saini Arusha mwaka 1999, na Umoja wa Forodha ukaanza mwaka 2005. Ajuaye kusoma masharti ya forodha ana faida kuliko asiyejua.

Swahaba Abdurrahman bin Auf alipofika Madina hana kitu, alikataa nusu ya mali ya ndugu yake Sa'ad, akaomba aonyeshwe soko. Alirudi na samli na maziwa makavu. Lakini soko alikuwa akilijua tangu Makka.

Darasa la Jumamosi tumelipa kazi: mfuko mmoja wa unga kutoka Tororo hutoa maandazi mangapi, faida ni kiasi gani, na lini mtaji huo utafika nisabu ya zaka. Wazazi, wasaidieni kwa hesabu, msiwafanyie.

Wabillahi tawfiq.