Kamba Moja, Mtu Mmoja: Tarehe ya Wapigaji Kengele wa Uingereza

Wengi wetu tunachukulia kwamba kengele ya kanisa ni mali ya ibada: padri anaagiza, mtumishi anavuta kamba, waumini wanaitika. Kwa Uingereza hiyo ni nusu ya habari tu. Kwa karibu miaka 400, minara ya Kianglikana ya nchi hiyo imekuwa mikononi mwa vikundi vya watu wenye vyama vyao, kanuni zao na gazeti lao la kila wiki, na miongoni mwao wamo wanaoteremka ngazi na kwenda zao ibada inapoanza. Ninachodai ni kwamba kilichowafunga pamoja muda wote huo si dini peke yake, wala si kupenda muziki. Ni ufundi wenyewe, ambao hauna nafasi ya mtu anayetaka kuufanya peke yake.

Ufundi huo unaanzia kwenye gurudumu. Zamani kengele iliyumbishwa tu, na hakuna aliyeweza kuilazimisha ilie kwa wakati alioutaka. Kufikia karne ya 17 mafundi wa Uingereza walikuwa wameanza kuifunga kwenye gurudumu zima la mbao, kamba ikizunguka ukingoni. Kengele hupandishwa mpaka mdomo uangalie juu. Ikivutwa kidogo inaanguka, inazunguka duara kamili, inalia mara moja, kisha inapanda na kutulia upande wa pili. Huku chini mpigaji hushika kamba kwenye sehemu nene iliyofumwa kwa sufu ya rangi, huivuta, huiachia ipae hadi darini huku ncha imebaki mkononi, halafu huvuta tena kuirudisha ilikotoka. Chuma hicho chaweza kuzidi tani moja, na hakuna misuli ya kushindana nacho. Kinachowezekana ni kukichelewesha kidogo kinapokuwa juu, au kukiwahisha kidogo. Ndiyo maana kengele haiwezi kuruka nafasi tatu: katika kila mzunguko inabaki ilipo au inabadilishana na jirani. Kizuizi hicho kidogo ndicho kilichozaa hesabu kubwa. Kengele saba zinaweza kupangwa kwa namna 5,040, nane kwa namna 40,320, na shabaha ya wapigaji ikawa kupita mipangilio hiyo bila kurudia hata mmoja, bila karatasi mkononi, kila mtu akibeba kichwani njia ya kengele yake. Akikosea mmoja, wote wamepotea.

Fani ya namna hiyo haiwezi kuishi bila jumuiya, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba jumuiya ilitangulia vitabu. Chama cha Ancient Society of College Youths cha London kinahesabu kuzaliwa kwake tangu 1637. Kitabu cha kwanza, Tintinnalogia cha Richard Duckworth, kilitoka 1668, na mpiga chapa Fabian Stedman akatoa Campanalogia mwaka 1677. Kwamba watu waliiona kama burudani kuliko ibada kunathibitishwa na John Bunyan, ambaye hadithi yake ya msafiri ilifasiriwa zamani kwa Kiswahili: ujanani alipiga kengele kijijini Elstow, na alipookoka aliacha, dhamiri ikimsuta kwamba ni anasa. Tarehe 2 Mei 1715, katika kanisa la St Peter Mancroft mjini Norwich, kikundi kilikamilisha mipangilio yote 5,040 kwa saa 3 na dakika 18. Wakati huo hapakuwa na misa wala maziko. Walipiga ili ijulikane kwamba inawezekana.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoibuka, nalo ni zito. Jumuiya gani hiyo, atauliza mtu, wakati wapigaji wa karne ya 18 na ya 19 walishindania kofia, walipandisha magudulia ya bia mnarani, na mara nyingine walimfungia padri mlango wa mnara wake mwenyewe? Ni kweli, na sioni sababu ya kuwapamba. Lakini tuangalie mapadri walijibuje. Mwaka 1821 Henry Thomas Ellacombe wa Bitton, aliyechoshwa na fujo hizo, alibuni mtambo wa nyundo zilizofungwa chini ya kengele zisizozunguka, kamba zote zikikusanywa kwenye fremu moja, ili mtu mmoja aweze kuzipiga zote. Makanisa mengi yaliufunga. Kama watu walikuwa wakitafuta sauti ya kengele tu, basi mtambo ule ungemaliza habari: ni rahisi, hauhitaji watu wanane wala mazoezi ya jioni kila wiki. Haukumaliza. Sauti yake ilikuwa hafifu, na zaidi ya hapo haukumpa mtu wa kushirikiana naye. Mapadri wenyewe waligeuka, wengine wakajifunza kushika kamba, vyama vya majimbo vikaundwa, na mwaka 1891 Sir Arthur Heywood akaviunganisha katika baraza moja la nchi nzima. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtambo wa Ellacombe ni ushahidi wa jambo hilo, ingawa mwenyewe alikusudia kinyume chake.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi: jumuiya hiyo iliwafungia nje wanawake kwa zaidi ya karne mbili. Alice White, wa kwanza kati yao kumaliza mlolongo kamili, alifanya hivyo mwaka 1896, na wanawake walilazimika kuunda chama chao, mwaka 1912. Siwezi kusema ufundi ulikuwa na huruma kuliko watu wake. Nasema tu kwamba ulikuwa na uhitaji. Vita ya Kwanza ya Dunia iliua wapigaji wapatao 1,400, na kamba isiyo na mtu haijali nani anaishika. Waliokuwa wakikataa wanawake wakaanza kuwafundisha. Vita ya Pili ilikuja na jaribio jingine. Kuanzia Juni 1940 kengele zilinyamazishwa, zikiwekwa akiba kutangaza uvamizi kutoka angani, zikaruhusiwa kulia Novemba 1942 kwa ushindi wa El Alamein, na marufuku ikaondolewa 1943. Katika kimya hicho watu waliendelea kukutana kwa kengele ndogo za mkononi.

Miaka 20 baadaye, Julai 1963, wanaume wanane walipanda mnara wa kiwanda cha kengele cha Loughborough wakapiga mipangilio yote 40,320, karibu saa 18, hakuna aliyepokezwa kamba. Hesabu ile ingefanywa leo na kompyuta kwa kufumba na kufumbua, lakini walitaka ipite mikononi mwao.

Leo tishio si bia wala marufuku. Ni uhaba. Kiwanda cha kengele cha Whitechapel, kilichohesabu umri wake tangu 1570, kilifungwa 2017. Mwaka uliofuata baraza lilitafuta wanafunzi 1,400 wapya, idadi ya wale waliokufa vitani, likapata zaidi. Hata hivyo vijiji vingi vyenye kengele sita au nane vina wapigaji watatu au wanne, na majirani wameanza kuazimana watu: kikundi kimoja kinahudumia minara kadhaa kwa zamu, Jumapili hii hapa, ijayo kule, na mwanafunzi mpya anajifunzia mnara wowote ulio na mwalimu.