Mikono ya Rubya: Upadre wa Wazalendo Tangu Mwaka 1917

Tarehe 15 Agosti 1917, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, Askofu Joseph Sweens aliwawekea mikono vijana wanne huko Rubya, katika nchi ya Ihangiro, ambayo leo imo mkoani Kagera. Celestine Kipanda na Angelo Mwirabure walitoka Ukerewe. Oscar Kyakaraba na Willibard Mupapi walitoka upande wa Bukoba. Hao ndio mapadre wazalendo wa kwanza katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa bado haijaisha. Mjerumani alikwisha kuondoka Bukoba, Mwingereza alikwisha kuingia, na mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kujua atatawaliwa na nani kesho. Katikati ya mashaka hayo yote, vijana wanne walilala kifudifudi mbele ya altare huku Litania ya Watakatifu ikiimbwa, wakainuka, wakawa mapadre milele.

Mwaka huo haukuwa wa Rubya peke yake. Tarehe 21 Julai, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Stefano Kaoze alipewa daraja huko Baudouinville, akawa padre wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Tarehe 7 Oktoba, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho walipewa daraja Kabgayi, wakawa wa kwanza Rwanda. Uganda ilikuwa imetangulia, maana Basil Lumu na Victor Mukasa walipadrishwa Villa Maria tarehe 29 Juni 1913. Ukiiangalia ramani, utaona kwamba katika muda usiofika miezi mitatu ya mwaka 1917, upadre wa wazalendo ulizaliwa pande tatu za maziwa yetu makuu. Jambo hili halijasimuliwa vya kutosha. Tumezoea kila nchi kuhesabu mapadre wake peke yake, na hivyo tunasahau kwamba mti ni mmoja.

Mizizi ya mti huo inarudi kwa mtu mmoja kwa sehemu kubwa: Askofu Jean-Joseph Hirth wa Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, ambalo wazee wetu waliliita la Mapadre Weupe. Baada ya mapigano ya Mengo ya Januari 1892, kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, Hirth alilazimika kuikimbia Buganda. Alishuka kusini, na mwaka huo huo misheni ya Kashozi ikaanzishwa upande wa Bukoba. Mtu aliyefukuzwa alikotoka angeweza kuwaza kujenga haraka makanisa na kubatiza wengi. Hirth alibatiza, lakini alishika zaidi jambo jingine: seminari. Vijana wa kwanza kutoka Rwanda walipelekwa kusoma Rubya kabla Kabgayi haijawa na seminari yake mwaka 1913. Kwa hiyo Gafuku na Reberaho walikuwa pia matunda ya Ihangiro, na Hirth mwenyewe, wakati huo akiwa askofu huko Rwanda, ndiye aliyewapadrisha.

Malezi yale hayakuwa na njia ya mkato. Kijana aliyekulia kisiwani, baba yake mkulima au mvuvi, alianza na alfabeti akamaliza na teolojia, na katikati palikuwa na Kilatini. Si Kilatini cha kukariri majibu ya Misa tu, bali cha kusomea falsafa, kuandikia mitihani na kusalia vipindi. Alipita hatua kwa hatua: madaraja madogo manne, ushemasi mdogo, ushemasi, ndipo upadre. Utaratibu huo wa madaraja madogo ulidumu mpaka Papa Paulo VI alipoubadili mwaka 1972. Msingi wake ulikuwa agizo la Mtaguso wa Trento la mwaka 1563, lililotaka kila jimbo liwe na seminari, kwa sababu Ulaya yenyewe ilikuwa imeonja uchungu wa kuwa na mapadre wasiosoma wala kulelewa. Wamisionari walikataa kuipa Afrika kipimo kidogo kuliko hicho. Wapo waliolalamika kwamba walichelewesha mno. Kwangu mimi, ukali ule ulikuwa namna ya heshima: Mwafrika hakutengenezewa upadre wa daraja la pili.

Wengi hawakufika mwisho, na historia ya seminari isiyowataja inakuwa na pengo. Mmoja wao ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alisoma Rubya miaka ile ile ya akina Kipanda, akaondoka bila kupadrishwa, akarudi kisiwani kuwa katekista na mtu wa kalamu. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka, aliyoiandika kwa Kikerewe, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Mtu huyu hakuvaa kasula hata siku moja, lakini malezi ya Rubya yaliifaa nchi kupitia kwake. Mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani kutoka seminari asione aibu. Seminari ni mahali pa kupambanua wito, na kutambua kwamba huitwi huko nako ni kupambanua.

Sasa, wale wanne walipewa nini hasa? Kwa macho, Askofu Sweens aliwawekea mikono kichwani bila kusema neno, akawavika mavazi ya altare, akapaka mafuta viganja vyao, akavifunga kwa kitambaa cha kitani, akawagusisha kalisi na patena. Wanateolojia walibishana kwa karne nyingi ni tendo lipi kati ya hayo linalompa mtu upadre, mpaka Papa Pius XII alipolimaliza neno hilo mwaka 1947: ni kuwekewa mikono na askofu pamoja na sala ya kuweka wakfu. Yaani upadre hausomewi kama shahada wala haurithiwi kama kiti cha mtemi. Unapokewa kutoka kwa mtu aliyeupokea kutoka kwa mwingine, mikono kwa mikono, kurudi nyuma hadi kwa Mitume.

Kanisa linafundisha kwamba kuhani ni mmoja tu, Kristo. Kila mbatizwa anashiriki ukuhani huo, akimtolea Mungu kazi zake, mateso yake na sala zake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza kwamba ukuhani wa Daraja Takatifu unatofautiana na ule wa waamini wote kwa asili, si kwa kiwango tu, lakini upo kwa ajili ya kuutumikia. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Padre si Mkristo aliyepanda juu zaidi ya wengine. Anaposema maneno ya mageuzo, au anapotoa maondoleo katika kitubio, anatenda kwa nafsi ya Kristo aliye Kichwa, na ndiyo maana sakramenti haiharibiki kwa udhaifu wa anayeiadhimisha. Mwamini maskini anayepokea Ekaristi Takatifu kwa padre aliyechoka, au hata kwa padre mwenye dhambi, hadhulumiwi neema. Alama ya Daraja nayo haifutiki. Padre anaweza kuzuiwa kutoa huduma, lakini hawezi kurudishwa kuwa kama mtu ambaye hakuwekewa mikono.

Fundisho hilo lilikuwa na nguvu ya pekee mwaka 1917. Katika utawala wa kikoloni, Mwafrika aliyesoma aliweza kuwa karani, mkalimani au askari, na kila mahali alikuwa na mzungu juu yake. Padre mpya, kwa desturi ya Kanisa, hutoa baraka yake ya kwanza, na wote hupiga magoti kuipokea, hata waliomfundisha kusoma. Mmisionari aliyetaka kuungama angeweza kwenda kwa padre mzalendo na kuondolewa dhambi kwa maneno yale yale. Hata hivyo, usawa wa altareni haukufika upesi kwenye nyumba ya mapadre na kwenye vikao vya uamuzi. Miaka miwili baadaye, katika waraka wa Maximum Illud wa Novemba 1919, Papa Benedikto XV alikemea waziwazi desturi ya kuwafanya mapadre wazalendo wasaidizi tu wa wageni, akataka walelewe ili siku moja waliongoze Kanisa la watu wao.

Majukumu ya padre Mtaguso wa Pili wa Vatikano huyataja kwa mafungu matatu, kufundisha, kutakatifuza na kuongoza, na mtu angeweza kuyaorodhesha na kuyaacha hapo. Lakini uzito wake unaonekana katika mambo madogo ambayo sheria ya Kanisa imeyaandika na waamini wengi hawayajui. Kila Dominika na sikukuu iliyoamriwa, paroko anawajibika kuadhimisha Misa moja kwa ajili ya watu aliokabidhiwa, isiyo na nia nyingine wala sadaka ya mtu. Anatakiwa kuzitembelea familia, kushiriki hofu na misiba yao, kuwatafuta maskini, wapweke na waliohama makwao. Anatakiwa kuishi katika nyumba ya parokia, karibu na kanisa. Asali Liturujia ya Vipindi kila siku, hata siku ambayo hakuna anayemwona. Aishi maisha ya kawaida, aepuke kila chenye sura ya anasa. Asishike cheo cha utawala wa serikali wala kushiriki kwa bidii katika vyama vya siasa, ili asiwe padre wa nusu ya kijiji. Na siri ya kitubio ailinde hata kwa gharama ya uhai wake. Anayeivunja moja kwa moja hujitenga na Kanisa kwa tendo lenyewe, bila kungoja hukumu.

Kati ya hayo yote, kwangu la kutembelea ndilo linalompima padre wa nchi zetu. Parokia ya kijijini ina vigango vingi, vingine mbali na barabara, na katekista ndiye anayelishika kanisa wiki baada ya wiki. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya shirikisho lao, AMECEA, ya mwaka 1973 na 1976, walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, walimtoa padre ofisini na kumkalisha kwenye mkeka wa familia. Padre anayejua jina la bibi mgonjwa wa jumuiya fulani hahitaji kuhubiri sana juu ya Mchungaji Mwema. Na anayezijua nyumba kwa michango tu, waamini wake humtambua mara moja.

Matunda ya mwaka 1917 yalikuja kwa zamu. Kipalapala, karibu na Tabora, ilifunguliwa mwaka 1925 kuwa seminari kuu, na ikalea vizazi vya mapadre. Tarehe 29 Oktoba 1939 Joseph Kiwanuka wa Masaka aliwekwa wakfu na Pius XII mjini Roma, askofu wa kwanza Mwafrika mweusi wa riti ya Kilatini katika nyakati hizi. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 na kusoma Rubya kisha Katigondo huko Uganda, alipadrishwa mwaka 1943, akawa askofu mwaka 1952, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Baadaye Peramiho, Kibosho, Ntungamo na Segerea zilishika sehemu ya kazi ya malezi.

Kazi hiyo inagharimu, na gharama yake imebebwa na watu wasiojulikana. Mwaka 1889, huko Caen, Ufaransa, mwanamke mlei aitwaye Jeanne Bigard pamoja na mama yake walianza kuchangisha fedha kwa ajili ya wanafunzi wa seminari katika nchi za misheni, baada ya barua ya askofu mmoja wa Japani. Kazi yao ikawa Shirika la Kipapa la Mtume Petro, ambalo mpaka leo linasaidia seminari za kwetu. Kwetu hapa, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anayepeleka mchele na maharagwe kwa mafrateri anaendeleza kazi ile ile, hata kama hajawahi kulisikia jina la Bigard.

Tarehe 2 Septemba 1990, Papa Yohane Paulo II akiwa Dar es Salaam aliwapadrisha mashemasi wa Tanzania. Mmoja wao alikuwa Protase Rugambwa, kijana wa Kagera aliyesoma Kibosho na Segerea. Baadaye aliitwa Roma kuongoza Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari, likiwemo lile la Mtume Petro, na mwaka 2023 akafanywa kardinali. Sasa ni Askofu Mkuu wa Tabora, jimbo lenye Kipalapala ndani yake, na mashemasi wa jimbo hilo wanapofikia upadre, yeye ndiye anayewawekea mikono.