Samaki wa Ziwa Magadi: Zimebaki nyuzi tatu tu

Maji ya nyuzi joto 43 za Selsiasi yanachosha mwili wa binadamu haraka. Lakini kule Ziwa Magadi, Kajiado nchini Kenya, kuna perege mdogo anayekula na kuzaliana kwenye vidimbwi vya chemchemi ambavyo mchana hufika karibu joto hilo. Kitaalamu anaitwa *Alcolapia grahami*.

Joto linahusianaje na ukuaji?

Samaki wengi hawajipashi joto kama sisi. Joto la maji ndilo joto la miili yao. Maji yakiwa baridi, samaki anakula kidogo na kukua polepole. Yakipata joto, anasaga chakula haraka na kukua haraka.

Ila kuna kikomo. Mfano ni sato wa kufugwa:

- Chini ya nyuzi 20: ukuaji unadorora
- Nyuzi 27 hadi 30: anakua vizuri zaidi
- Karibu nyuzi 42: anakufa

Joto likizidi, chakula kingi kinaishia kumweka samaki hai tu, kinachobaki cha kukuza mwili ni kidogo. Pia maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Huyu wa Magadi anawezaje?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mwili wake unachoma nishati kwa kasi inayokaribia ya mnyama mdogo anayenyonyesha. Chakula chake kikubwa ni mwani. Oksijeni ikipungua usiku, anapanda juu kuvuta hewa.

Sasa hatari iko wapi?

Utafiti huohuo ulipima kikomo chake: nyuzi 45.6, cha juu kuliko samaki yeyote aliyewahi kupimwa. Yaani kutoka joto analolizoea mchana hadi linalomlemea, hazifiki nyuzi tatu.

Samaki wa ziwa kubwa akizidiwa na joto anashuka kwenye kina. Huyu hana pa kwenda, kwa sababu nje ya vidimbwi vyake sehemu kubwa ya ziwa ni magadi yaliyoganda.

Shirika la IUCN limemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Ndugu zake watatu wa Ziwa Natron, Tanzania, wamewekwa kundi la hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo kumlinda samaki huyu ni kulinda chemchemi zenyewe. Maji yakipungua, kidimbwi kinapata joto haraka, na nyuzi tatu si nyingi.