Mji wa Kale wa Ras Mkumbuu

Wasikilizaji wetu, atakaye kuujua mji wa kale na auendee kwa miguu, tena peke yake. Kwani penye wenzi wengi maneno huzidi, na macho husahau kazi yake. Leo twawachukua hadi Ras Mkumbuu, katika kisiwa cha Pemba.

Kutoka Chake Chake njia hushika upande wa magharibi, ikapita Wesha, kisha ikaingia katika ulimi mwembamba wa nchi wenye bahari kuume na kushoto. Mwenda kwa miguu na ajiwekee asubuhi nzima. Afikapo Ndagoni, na asimame awaamkie wazee, aeleze aendako. Kwani mgeni apitaye kimya hana wa kumwonyesha njia.

Mbele ya hapo ndipo penye magofu. Yapo mabaki ya msikiti mkubwa wa Ijumaa, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Na karibu yake yapo makaburi yenye nguzo ndefu, kama yale yaonekanayo mahali pengi katika pwani yetu. James Kirkman alipachimba katika miaka ya 1950, na Mark Horton akapachimba tena katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti uonekanao leo ilionekana alama ya msikiti wa kale zaidi. Basi watu walisali hapa, wakabomoa, wakajenga tena, vizazi kwa vizazi.

Ni nani hao? Wazee wengi wa Pemba husema kwamba magofu kama haya ni kazi ya Wadebuli, watu waliotoka ng'ambo ya bahari wakawatumikisha wenyeji. Hadithi hiyo hatuidharau, kwani ndani yake mna kumbukumbu ya dhuluma. Lakini yatupasa kuwasikiliza mashahidi wengine pia.

Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, alisafiri katika bahari hii, na safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Kanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 916. Aliandika kwamba kisiwani humo walikaa Waislamu, na lugha yao ilikuwa lugha ya Zanji. Wataalamu wengi huona kwamba Kanbalu ni Pemba. Baadaye Yakuti al-Hamawi, aliyekufa mwaka 1229, alikitaja Kisiwa cha Kijani chenye miji miwili, kila mmoja na sultani wake. Na majina aliyoyaandika yanafanana sana na Mtambwe na Mkumbuu.

Mtambwe Mkuu uko kaskazini, kuelekea Wete, na maji yakitoka huendewa kwa miguu. Huko mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000. Za dhahabu zilikuwa chache, na baadhi yake zilitoka katika dola ya Fatimiya. Bali zile ndogo za fedha zilikuwa na majina ya masultani wa pwani hii hii.

Hapo shauri lapata uzito. Hatusemi kwamba wageni hawakuja. Walikuja, wakafanya biashara, wakaoa, wakazikwa. Lakini mji ambao watu wake husema lugha ya nchi, na jirani yake hutumia fedha yenye majina ya masultani wa pwani, hauwezi kuitwa mji wa wageni watupu. Mpemba apitaye penye magofu yale akadhani kwamba hayamhusu, ajinyima urithi wake mwenyewe.

Na asiyejua kwamba kitu ni chake hakitunzi. Mizizi hupasua kuta polepole. Lakini mkono wa mtu una haraka kuliko mizizi, nalo jiwe likisha chukuliwa kujengea au kuchomewa chokaa halirudi tena. Kwa hiyo, ewe mtembezi, enda, tazama, uliza, waombee waliolala pale. Kisha urudi mikono mitupu.