Rogan Josh na Meko Mawili ya Kashmir

Nyama ya kondoo iitwayo rogan josh hutajwa vitabuni kana kwamba ni pishi moja. Katika bonde la Kashmir, linakosifika, ni mapishi mawili yaliyoishi ujirani kwa muda mrefu, na kinachoyatenga ni kitunguu.

Jina lafasiriwa aghalabu kwa Kifarsi: roghan ni mafuta, josh ni mchemko. Kwa sababu hiyo wengi husema pishi hili lilifika na Wamughal, Akbar alipoitwaa Kashmir mwaka 1586. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani Kifarsi kilikwisha stawi katika baraza za masultani wa Kashmir tangu karne ya 15, zama za Zain-ul-Abidin. Lenye yakini zaidi ni kuwa pilipili nyekundu, idhaniwayo leo kuwa ndiyo roho ya mchuzi huo, asili yake ni Amerika, nayo haikujulikana India kabla ya Wareno kuifuata njia ya Vasco da Gama, yule aliyepata rubani wake Malindi mwaka 1498.

Waislamu wa bonde hilo hutia vitunguu saumu na praan, kitunguu kidogo cha huko, na wekundu huuongeza kwa maua makavu ya mawal. Katika karamu za harusi pishi hilo huletwa juu ya sinia la shaba, watu wanne wakila pamoja. Mapandit nao ni Wabrahamini, lakini nyama wanakula, hata katika sikukuu yao ya Herath. Wanachokiepuka ni kitunguu, cha maji na saumu, kwa kuwa huaminiwa kuamsha matamanio. Badala yake hutia mvuje, utomvu uleule ambao pwani ya Afrika Mashariki hutumiwa kuwakinga watoto na mashetani.

Upishi wao wataka subira. Mafuta ya haradali huchemshwa hadi yatoe moshi, kisha hutiwa mvuje na karafuu. Nyama, ikiwa na mifupa yake, hukaangwa hadi maji yake yakauke na sufuria ianze kushika rangi ya hudhurungi. Hapo humiminwa mtindi uliopigwa vizuri, kidogo kidogo, na mwiko usipumzike, ama sivyo utakatika. Hufuata pilipili, maji, shamari ya kusaga na tangawizi kavu. Iliki huja mwisho. Mchuzi huwa tayari mafuta mekundu yanapoelea juu.

Mwaka 1990, machafuko yalipopamba moto, Mapandit walio wengi walilihama bonde. Wengi waliishia katika mahema ya Jammu, wengine Delhi, ambako katika mikahawa rogan josh hupikwa kwa nyanya na vitunguu, pishi ambalo hakuna nyumba katika zile mbili ingelikiri kuwa lake. Kondoo wa malisho ya milimani hawakupatikana kwa urahisi. Bucha za nyanda za chini huuza zaidi mbuzi. Hata hivyo mvuje haukuachwa, wala tangawizi kavu, ambayo sifa yake ni kuutia mwili joto wakati wa theluji. Huko Jammu, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, bado hutiwa sufuriani kwa kipimo kilekile.