Kwa miguu hadi Namugongo: njia ya kutoka Mutukula na mahali watu wanapopotea

Kila mwaka ikikaribia Juni 3, simu za studio yetu huanza kuulizwa swali moja: njia ya kwenda Namugongo ikoje kwa anayetembea? Wengi wanajua safari ya basi. Ya miguu ni habari nyingine, maana basi halikuulizi ugeuke wapi. Tumeandika hapa yale tunayoyasema hewani kwa vipande, ili msikilizaji aliye Missenyi, Karagwe au Bukoba ayasome kwenye simu kabla hajaondoka.

Kwanza historia kidogo. Namugongo iko kilomita 15 hivi kaskazini-mashariki mwa Kampala. Hapo ndipo Juni 3, 1886, vijana wengi wa ikulu ya Kabaka Mwanga II walichomwa moto kwa sababu ya kuikataa amri ya kuacha imani yao. Wengine waliuawa sehemu nyingine kati ya 1885 na 1887. Wakatoliki 22 kati yao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na Waanglikana nao wana mashahidi wao waliokufa katika mateso hayo hayo.

Tuje kwenye njia. Kutoka mpakani Mutukula hadi Masaka ni karibu kilomita 90, Masaka hadi Kampala karibu 130, na hadi Namugongo ongeza hizo 15. Anayetembea kilomita 30 kwa siku anahitaji takriban siku nane kuanzia mpakani. Anayeanzia Bukoba aongeze kilomita 80 hivi kabla ya Mutukula. Piga hesabu kurudi nyuma kutoka Juni 3, kisha ongeza siku mbili za miguu kuvimba. Hizo siku mbili watu huzidharau sana, na ndizo zinazowafanya watembee usiku mwishoni.

Mutukula hadi Masaka si rahisi kupotea. Barabara ni moja ya lami, unapita Kyotera, halafu Kalisizo. Shida ya kwanza iko Masaka. Pale unakutana na barabara kuu ya Mbarara, na mtu aliyechoka akifuata tu magari mengi anaweza kujikuta anaelekea magharibi. Uliza Nyendo. Nyendo ni upande wa Masaka unaotazama Kampala. Ukiipita, uko sawa.

Baada ya Nyendo unafika Lukaya, na hapa tunaomba usome polepole. Kati ya Lukaya na Kayabwe kuna eneo la kinamasi liitwalo Lwera. Nyumba ni chache, kivuli ni kidogo, na magari hukimbia kwa sababu barabara imenyooka. Mei ni mwezi wa mvua, na maji hupanda. Mwaka 2023, mwezi huo huo wa Mei, mafuriko yaliharibu daraja la Katonga lililo upande wa Kayabwe, na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Kwa hiyo usiingie Lwera jioni. Lala Lukaya, uanze alfajiri ukiwa na maji ya kutosha, na kabla ya kutoka uliza wenyeji hali ya barabara ya siku hiyo, si ya mwaka jana.

Kayabwe utaijua kwa alama ya Ikweta kando ya barabara. Watu hupiga picha pale, nawe piga, umeshavuka sehemu ngumu. Mbele ni Buwama, Mpigi, Nsangi, Kyengera, kisha Busega, mlango wa jiji.

Muda wote huo tembea upande wa kulia. Uganda, kama kwetu, magari hupita kushoto, hivyo ukiwa kulia unayaona yanayokujia usoni. Kikundi kitembee mstari mmoja, na wa mbele na wa nyuma wavae kitu cha kung'aa.

Sasa jiji. Tukihesabu simu tulizopokea, waliopotea porini ni wachache mno kulinganisha na waliopotea Kampala. Mama mmoja wa kutoka wilaya jirani alitusimulia jinsi alivyosimama kufunga kiatu, akainua macho, kikundi hakipo. Simu ilikuwa imezima. Alipoulizwa na wasamaria analala wapi, alijua jambo moja tu, kwamba wangelala parokiani. Parokia ipi? Hakujua. Alikaa kituo cha bodaboda mpaka usiku, ndipo mwenzake mmoja akarudi na kumwona.

Njia iliyo rahisi kukumbuka mjini ni Barabara ya Jinja. Ukiwa katikati ya Kampala, uliza Nakawa, kisha Banda, kisha Kireka. Kireka geuka kushoto kuelekea Kyaliwajjala, na Kyaliwajjala inakupeleka Namugongo. Ukiona uwanja mkubwa wa mpira wa Namboole, umeipita Kireka, rudi. Ndugu zetu wanaotoka Kenya kwa Busia na Jinja wao huuona Namboole kwanza, kisha hugeuka kulia hapo hapo Kireka.

Kuhusu simu. Ramani ipakuliwe nyumbani, ili ifanye kazi bila bando. Lakini ukichagua njia ya waenda kwa miguu, programu inaweza kukuingiza kwenye vijia vya mashambani au kinamasini kwa kuwa ni vifupi. Sisi tunashauri ubaki barabara yenye watu. Jambo jingine dogo linalowaangusha wengi: namba za Tanzania zilizohifadhiwa kwa kuanza na sifuri hazitapatikana ukiwa na laini ya Uganda. Zihifadhi zote zikianza na +255. Namba ya kiongozi wa kikundi, na jina la mahali mtakapolala kila siku, ziandike kwenye karatasi ikae mfukoni. Karatasi haiishiwi chaji.

Kuuliza si aibu. Mwanamume mwite ssebo, mwanamke nnyabo, halafu sema: "Ekkubo erigenda e Namugongo liri ludda wa?" Akijibu ku kkono ni kushoto, ku ddyo ni kulia. Shukuru kwa weebale. Usiulize "hii ndiyo njia ya Namugongo?", kwa kuwa mtu mwenye adabu anaweza kukubali tu asikuvunje moyo. Uliza iko wapi, umwache aoneshe kwa mkono. Na uulize watu wawili.

Ukifika Namugongo kuna jambo la mwisho. Madhabahu ni mawili: la Wakatoliki, lenye basilika ya nguzo 22 za shaba, na la Waanglikana pale Nakiyanja. Yametengana, na siku ya sikukuu katikati yake kuna umati ambao hutaupenya haraka. Kikundi kikisema "tukutane madhabahuni" bila kutaja lipi, nusu itasubiri huku na nusu kule. Patana mapema juu ya kitu kisichohama, kama lango fulani au mti mkubwa, na saa yake. Juni 3 yenyewe mtandao wa simu husongwa na watu wengi, kwa hiyo mpango huo ufanyike tarehe 2 jioni, watu wote wakiwa bado wanaonana kwa macho.